Monita ya mteja iliyozimika kila asubuhi: kisa cha kompyuta moja yenye grafiki mbili, Kigoma

Mazingira

Duka ni la steshenari na picha za papo hapo, mjini Kigoma. Jina la mtaa na la mwenyewe nimeyaacha. Humu nitasema mama mwenye duka, binti wa kaunta, na fundi wa kwanza. Fundi wa pili ni mimi.

Kazi za pale ni zile zile za steshenari yoyote: kopi, barua, kulaminisha vitambulisho, picha za pasipoti, na zaidi ya yote kadi za harusi na za michango. Kadi ndizo zilizoleta habari ya monita mbili. Kuna oda ya kadi 200 ilichapwa huku jina la ukoo la bwana harusi likiwa limekosewa. Lilikuwa jina la Kiha linaloanza na "Nt", mchapaji akala ile "N" ya mwanzo, na hakuna aliyegundua hadi kadi zimeshakatwa na kufungwa kwenye bahasha. Karatasi, wino na usiku mzima wa kazi vikawa hasara ya duka. Mama akaamua kwamba kuanzia hapo mteja asome kadi yake mwenyewe kwenye skrini iliyomgeukia, aseme "sawa", ndipo mashine ichape.

Hakutaka skrini mbili zionyeshe kitu kimoja, na hapo alikuwa sahihi kuliko mafundi wote wawili. Kwenye skrini ya binti hupita nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya watu na bei za jumla. Mteja alitakiwa aone kadi yake tu.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya mtumba, ile nyembamba ya maofisini inayolazwa chini ya monita. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha nne, yenye grafiki zake za ndani, yaani sehemu inayochora picha za skrini, za Intel HD 4600. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ilikuwa GB 4, na Windows 10. Aliyeiuza alikuwa ameshaichomeka kadi ya grafiki ya NVIDIA GeForce GT 710, kadi ndogo inayokula wati 19 na isiyohitaji waya wake wa umeme, akamwambia mama kwamba hiyo ndiyo inayoifanya mashine "iwe ya graphics". Mama aliilipia hiyo kadi, na jambo hilo litakuja kuwa na uzito.

Sasa matundu ya nyuma, yanayopeleka picha kwenye monita; VGA, DVI, HDMI na DisplayPort ni aina zake. Kwa sababu kasha ni jembamba, kadi imefungwa bati fupi, na tundu lake la VGA, ambalo kwa kawaida huunganishwa kwa utepe wa waya hadi kwenye bati refu, halikuwepo. Kadi ikabaki na HDMI na DVI. Mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, kwa upande wake ilikuwa na VGA moja na DisplayPort mbili. Monita ya binti ilitumia HDMI kutoka kwenye kadi. Monita ya mteja, ya zamani, ya mraba, iliyotolewa stoo, ilikuwa na VGA peke yake.

Pini nne zilizokatwa

Fundi wa kwanza alitazama kadi, akaona DVI iko wazi, akanunua kigeuzi cha DVI kwenda VGA. Hakikuingia. Kigeuzi kilikuwa na pini nne za ziada zinazozunguka ile bapa ya pembeni, na tundu la kadi halikuwa na matobo yake. Akachukua koleo, akazikata zile pini nne. Kikaingia vizuri kabisa. Monita haikuonyesha kitu.

Nilikikuta kigeuzi hicho kikining'inia kwenye msumari nyuma ya kaunta, na nilikikodolea macho kwa muda. Zile pini nne ndizo zinazobeba picha ya analogi, yaani nyekundu, kijani, bluu na mpigo wa mlalo. Bila hizo VGA haina picha. Tundu la kadi lilikuwa DVI-D, ambalo hutoa dijitali peke yake, na halina matobo hayo kwa sababu halina cha kupitisha humo. Kukata pini kulikuwa sawa na kukata ulimi ili mdomo ufunge vizuri. Simlaumu sana, nimeona wengi wakifanya hivyo, na muuza duka la vifaa naye hana habari.

Aliposhindwa hapo, alichomeka monita ya mteja kwenye VGA ya mazabodi. Monita ikaandika kwamba haipati mawimbi, ikalala. Akamalizia kwa kumwambia mama kwamba Intel na NVIDIA "hazikai nyumba moja". Kauli hiyo ina asili yake. Windows Vista ilitaka grafiki zote za mashine zitumie draiva moja (draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa), kwa hiyo mchanganyiko wa makampuni mawili ulikuwa haukubaliki. Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, iliondoa sharti hilo. Kauli imebaki midomoni mwa mafundi miaka yote hii kama jina la duka lililokwishahama.

Ziara ya kwanza: nilitibu, nikaondoka

Nilifika mchana, duka limejaa, mashine iko kazini. Nilifungua Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vya mashine, nikatazama upande wa kadi za picha. Ilikuwepo GT 710 peke yake. Intel haikuwepo hata kwa alama ya njano. Maana yake Windows haikuwa imeikataa; haikuwahi kuonyeshwa.

Hiyo ni kazi ya BIOS, programu ndogo iliyomo kwenye mazabodi yenyewe. Mashine inapowaka, kabla Windows haijaamka, BIOS hutazama kama kuna kadi kwenye sloti. Ikiikuta, na mpangilio ukiwa umeachwa "Auto", mazabodi nyingi huzima grafiki za ndani moja kwa moja. Tundu la VGA linabaki pale nyuma, zuri, limekaza skrubu zake mbili, lakini nyuma yake hakuna mtu.

Nikaomba dakika kumi, nikaiwasha upya, nikaingia BIOS, nikatafuta ukurasa wa video na kuruhusu skrini nyingi. Jina la mpangilio huu hubadilika kutoka mazabodi moja hadi nyingine: kuna zinazoandika "iGPU Multi-Monitor", nyingine "Internal Graphics", nyingine "Multi-Display". Skrini ya kwanza niliiacha iwe ya kadi. Windows ilipoamka, Intel ikajitokeza na alama yake ya njano ya mshangao. Nikapakua draiva kwa bando la simu yangu. Monita ya mteja ikawaka.

Nikabonyeza Windows na P, nikachagua kutanua, yaani kila skrini ionyeshe kitu chake. Kwenye mipangilio ya skrini nikaivuta picha ya monita namba 2 ikae kushoto, kwa sababu ndiko ilikokaa mezani. Bila hivyo mshale wa mausi hupotelea upande usiokuwepo. Nikawasha upya mara tatu nikiwa nimesimama pale. Mara zote tatu monita zote mbili zikawaka. Nikapokea hela yangu.

Kosa langu liko kwenye sentensi hizo tatu za mwisho.

Asubuhi iliyofuata, na ziara ya pili

Saa mbili na nusu asubuhi simu ikaita. "Mwanangu, ile ya mteja imekufa tena."

Nilirudi jioni. Intel ilikuwa imetoweka kwenye orodha. Nikaingia BIOS, nikakuta mpangilio umerudi "Auto". Nikajiambia labda sikuhifadhi, ingawa nilijua nilihifadhi. Hapo ndipo mtu huanza kujidanganya. Nikauweka tena, nikahifadhi, nikaikagua. Kisha, kwa kuwa nilitaka kuonekana nimefanya kazi, nikabadilisha waya wa VGA, nikaiondoa draiva ya Intel na kuiweka upya, nikazima pia ile hali ya Windows ya kuwaka haraka. Katika hayo matatu hakuna hata moja lililohusu kosa. Mpangilio wa BIOS haubadilishwi na waya wa VGA.

Kesho yake asubuhi simu ikaita tena.

Ziara ya tatu: kabla duka halijafunguliwa

Safari hii niliomba nifike kabla ya binti, nisiguse kitu, nitazame tu.

Alifungua mlango, akapiga deki, akaweka chupa ya chai juu ya kaunta. Akainama chini ya meza, akawasha soketi ya ukutani. Akabonyeza kitufe cha kompyuta. Mashine ikalia mlio, skrini nyeusi ikatoa maandishi meupe ya Kiingereza, na yeye, akimimina chai kwa mkono wa kulia, akabonyeza F1 kwa kidole cha kushoto bila kugeuka. Windows ikaja. Akabofya saa iliyo pembeni chini, akafungua ukurasa wa tarehe, akabadilisha mwaka, mwezi, siku na saa.

"Unafanya nini hapo?"

"Naweka tarehe."

"Kila siku?"

"Kila siku kaka, tangu nimeanza kazi hapa. Usipoiweka, Gmail haifunguki, inasema sijui siyo salama. Na ile inayoandika inataka F1, naipa F1."

"Na soketi, unaizima jioni?"

"Mama hataki tuiache. Radi."

Basi. Kisa kizima kilikuwa ndani ya hiyo dakika moja na nusu.

Kilichokuwa kinatokea

Kwenye mazabodi kuna betri bapa ya duara, CR2032, ya volti 3. Mafundi huiita betri ya CMOS. Inaendesha saa ya mashine, na kwenye mazabodi kama hii inalinda pia mipangilio ya BIOS, wakati mashine haina umeme. Neno la kushika ni hilo la mwisho. Waya ukiwa ukutani na soketi imewashwa, hata kompyuta ikiwa imezimwa, kuna umeme mdogo wa kusubiri unaotoka kwenye pawa saplai, na betri inapumzika. Betri iliyokufa haionekani. Inaonekana soketi ikizimwa, LUKU ikiisha, au TANESCO ikikata.

Hapa soketi ilizimwa kila jioni. Kila usiku saa ikafa, mipangilio ikafutika. Kila asubuhi BIOS ikajikuta haina kumbukumbu, ikaomba F1, ikarudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Kiwandani ni "Auto". "Auto" ikiona kadi inazima Intel. Intel ikizimwa VGA haina mwenyewe, na monita ya mteja inalala. Tarehe nayo ikawa ya zamani sana, na kivinjari kikiona vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe za "kesho kutwa" kinakataa kufungua. Gmail na monita vilikuwa wagonjwa wa homa moja.

Na mimi? Niliwasha upya mara tatu. Kuwasha upya hakuondoi umeme. Ningewasha upya mara mia ningepata jibu lile lile zuri.

Nilichomoa betri nikaipima kwa multimita: volti 1.9. Mpya huanzia 3 au juu yake kidogo. Nyingine niliipata kwa muuza saa sokoni, kwa hela isiyofika bei ya sahani ya chipsi kuku. Nikaiweka maandishi yakitazama juu, nikaingia BIOS nikapanga upya, kisha nikachomoa waya ukutani kabisa na kumwomba binti aninunulie vitumbua. Robo saa baadaye tukachomeka. Hakuna F1. Tarehe sahihi. Monita mbili.

Maamuzi na sababu zake

Swali ambalo msomaji mwenye ujuzi ameshaliuliza: kwa nini kadi haikutolewa? Mazabodi ilikuwa na VGA na DisplayPort, na HD 4600 inaweza kuendesha skrini hadi tatu. Kigeuzi kimoja cha DisplayPort kwenda HDMI kwa ajili ya monita ya binti, kadi nje, habari imekwisha. Grafiki za upande mmoja, draiva moja, hata betri ikifa monita zingeendelea kuwaka kwa sababu "Auto" isingekuwa na kadi ya kuipisha. Kwa kazi za kadi za harusi, GT 710 haiizidi HD 4600 kwa kiasi ambacho binti angekihisi.

Nilimwambia mama hivyo katika ziara ya kwanza. Akaniuliza kama ninataka kuondoka na kadi yake. Hakusema kwa ukali, lakini nilielewa. Mtu aliyelipia kifaa, na ambaye kigeuzi chake kimeshaharibiwa na koleo la fundi mwingine, hataki kusikia kwamba kifaa hakikuhitajika. Tena siku hiyo kigeuzi cha DisplayPort hakikupatikana katika maduka mawili niliyopita. Nikakubali kuziendesha grafiki zote mbili. Njia hiyo ni halali na inafanya kazi. Ilikuwa tu na sehemu nyingi zaidi za kuharibikia.

Njia ya tatu ilikuwa kadi ibaki na VGA itolewe kwenye DVI yake kwa kigeuzi chenye chipu ndani, kinachotafsiri dijitali kwenda analogi. Kipo, ila mama alikuwa ameshachoka na neno "kigeuzi".

RAM niliiongeza kutoka GB 4 hadi 8. Grafiki za ndani hazina kumbukumbu yake, hukopa RAM ya mashine, na kwenye GB 4 deni hilo lilianza kuonekana pale binti alipofungua programu ya kusanifu na kivinjari pamoja.

Matokeo

Kesho yake asubuhi simu iliita, safari hii kwa namba ya binti. "Kaka, leo haijaniuliza kitu na tarehe imejiweka. Imeharibika?"

Tangu hapo monita ya mteja imewaka kila siku, isipokuwa siku moja waya wa VGA ulipolegea kwa kuguswa na begi la mteja. Wateja wanasoma kadi zao. Mama anasema makosa ya majina bado yapo, ila sasa yanashikwa kabla ya kuchapa, mengi na mama wakwe.

Mawili hayakukaa vizuri. Kwanza, video na picha zinazotembea hukwama kidogo zikihamishiwa skrini ya mteja. Dirisha linachorwa na grafiki za upande mmoja, kisha picha inanakiliwa ipite kwenye skrini inayoendeshwa na zile nyingine, na njia hiyo ina gharama yake. Kwa kadi ya harusi iliyotulia haionekani. Kwa video ya harusi inaonekana. Pili, rangi. Monita ile ya zamani inapokea analogi na taa yake imechoka, kwa hiyo mteja wa picha za pasipoti alimwuliza binti mbona uso wake umekuwa wa kijani. Kwenye karatasi ulikuwa sawa. Tukakubaliana kwamba skrini ya mteja ni ya kusoma herufi; picha mteja azitazame kwenye karatasi, ikishachapwa ya kwanza.

Uchambuzi

Lililofanya kazi ni ile hatua ya kwanza kabisa ya kuangalia kama Windows inaiona Intel au haiioni. Inagawanya tatizo mara mbili kwa sekunde chache. Kifaa chenye alama ya njano kina kesi na draiva. Kifaa kisichokuwepo kabisa kina kesi na BIOS. Fundi wa kwanza angeanza hapo, pini nne zingekuwa hai.

Lililoshindwa ni jaribio langu. Nilijaribu mashine kwa namna ninayoitumia mimi kwangu, ambako soketi haizimwi. Duka lina namna yake, na kuzima soketi ilikuwa sehemu ya siku kama kufunga kufuli. Katika ziara ya pili kosa lilikuwa baya zaidi, kwa sababu ushahidi ulikuwa mezani: mpangilio niliouhifadhi umejirudi. Vitu vinavyoweza kuurudisha ni vichache sana, na betri ni ya kwanza kati yake. Badala ya kukaa na swali hilo nikatapakaza matibabu.

Kuhusu binti, nilimwuliza maswali mawili katika ziara za mwanzo, yote ya ndiyo au hapana: monita imewaka? Kuna kitu umebonyeza? Alijibu "hapana" kwa la pili kwa moyo mweupe kabisa. F1 kwake haikuwa kubonyeza kitu; ilikuwa kufungua duka. Alirithi utaratibu huo kwa aliyemtangulia na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kompyuta isiyo na hitilafu huikumbuka tarehe yenyewe.

Kadi ya NVIDIA bado imo. Prosesa ya kizazi cha nne haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo siku mashine hii itakapobadilishwa mjadala wa kadi utaisha wenyewe. Kigeuzi cha DVI bado kiko kwenye msumari. Soketi inazimwa kila jioni, na kwa radi za mvua za huku sikumshauri mama aache.